Mtoto Akiondolewa Nyumbani, Lugha Yake Ibaki na Nani?

Katika sheria ya New South Wales ya malezi na ulinzi wa watoto ya mwaka 1998 kuna maneno machache ambayo kila mwanachama wa chama chetu angepaswa kuyajua. Yamo katika kifungu cha 9, panapoelezwa misingi ya sheria yenyewe. Yanasema, kwa muhtasari, kwamba mtoto akitengwa na familia yake, iwe kwa muda au moja kwa moja, basi jina lake, utambulisho wake, lugha yake na mafungamano yake ya utamaduni na dini yahifadhiwe kadiri inavyowezekana.

Lugha imetajwa waziwazi. Sisi ambao kila mwaka tunalalamika kwamba Kiswahili hakipewi nafasi Australia, hapa tumepewa nafasi na Bunge lenyewe. Uzito wote sasa uko katika maneno mawili ya mwisho. Kadiri inavyowezekana: inawezekana kwa nani, na katika nyumba ya nani? Afisa anayemtafutia mtoto kitanda saa tatu za usiku hawezi kumhifadhia Kiswahili chake ikiwa katika orodha ya walezi hakuna nyumba hata moja inayozungumza lugha hiyo. Atampeleka penye nafasi, na wala hatakuwa amevunja sheria.

Hoja yetu katika makala hii ni moja. Waswahili wa Sydney, na kwa jina hilo tunawakusudia wote wanaokitumia Kiswahili nyumbani, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya na wengineo, wajiandikishe kuwa walezi kabla mtoto hajawahitaji, na chama chetu kiwasaidie kufanya hivyo. Suala la kuasili mtoto, ambalo ndilo linalotisha watu wetu kuliko yote, huanzia hapo. Hapa New South Wales, mtoto aliye chini ya uangalizi wa serikali akiasiliwa, kwa kawaida huasiliwa na walezi wale wale ambao tayari anaishi nao. Kwa hiyo anayekuja kuitwa mzazi mbele ya mahakama mara nyingi ni yule aliyekuwa tayari kufungua mlango miaka kadhaa nyuma.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno, maana wahadhiri wetu hawatatusamehe tukiyaruka. Tanzania, katika lugha ya serikali, hutumia "malezi ya kambo" kwa mtoto anayelelewa kwa muda na familia isiyo yake, na "kuasili" kwa mtoto anayefanywa kuwa wa familia hiyo kisheria. Kamusi zinalo pia neno "mtoto wa kupanga". Kila neno lina mzigo wake. Kambo inamkumbusha kila Mswahili mama wa kambo wa kwenye hadithi, anayempa mtoto ukoko wakati wanawe wanakula nyama. Kupanga kunamkumbusha mpangaji, ambaye kodi ikimshinda huondoka. Kuasili kuna "asili" ndani yake, na papo hapo tunakumbushwa kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lakini mtoto tunayemzungumzia hakuiacha asili yake. Alitolewa humo akiwa hata viatu hajui kuvifunga. Sisi tutasema "mlezi" kwa anayekabidhiwa mtoto, "mlezi wa kisheria" kwa aliyepewa mamlaka hayo na mahakama, na "kuasili" kwa hatua ile inayombadilishia mtoto wazazi kisheria.

Sasa tueleze njia yenyewe, kwa sababu hofu nyingi hutokana na kutoijua. Idara ya Jamii na Haki ikiona mtoto yuko hatarini nyumbani, inaweza kumwondoa na kupeleka shauri katika Mahakama ya Watoto, ambayo makao yake makuu yako Parramatta. Mahakama hiyo husikiliza wazazi, idara, na wakili anayemsimamia mtoto. Sheria imepanga mambo kwa daraja. Kwanza hutazamwa kama mtoto anaweza kurudi kwa wazazi wake. Isipowezekana, hufuata ulezi wa kisheria wa ndugu, jamaa au mtu mwingine anayefaa. Baada ya hapo ndipo huja kuasiliwa, na baada ya kuasiliwa, mtoto kubaki chini ya mamlaka ya waziri hadi atimize miaka 18. Kwa watoto wa wenyeji wa asili wa nchi hii, kuasiliwa kumewekwa mwisho kabisa wa orodha.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 yaliongeza saa ya ukutani. Mahakama sasa hujiuliza kama kuna uwezekano wa kweli wa mtoto kurudi nyumbani katika muda usiozidi miezi 24. Kwa mzazi anayepambana na ugonjwa, ulevi, msongo uliotokana na vita au mume mwenye mkono mzito, huku akijifunza Kiingereza na kutafuta nyumba, miezi 24 si mingi. Kuasili kwenyewe hakuamuliwi Parramatta. Huamuliwa na Mahakama Kuu ya New South Wales, chini ya Sheria ya Kuasili ya mwaka 2000, na mahakama hiyo inaweza kutoa amri hata pale mzazi anapokataa kuridhia, ikiona maslahi ya mtoto yanadai hivyo. Mtoto aliyefika miaka 12 na mwenye uwezo wa kuelewa jambo hilo naye hupewa nafasi ya kutoa ridhaa yake.

Tunajua kwamba watu wetu wakisikia habari hizi husema serikali inaiba watoto. Hatuwacheki, maana nchi hii imeshafanya hivyo. Mwaka 1915 sheria ya New South Wales ilibadilishwa, na Bodi ya Ulinzi wa Wenyeji ikapewa uwezo wa kuwaondoa watoto wao bila kuthibitisha mahakamani kwamba walitelekezwa. Katika bweni la wavulana la Kinchela, karibu na Kempsey, lililofanya kazi kuanzia mwaka 1924 hadi 1970, wavulana waliitwa kwa namba badala ya majina yao. Lugha za mama zao zilikatazwa midomoni mwao. Ripoti iitwayo Bringing Them Home iliyaweka hayo hadharani mwaka 1997, na Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008.

Waliathirika wengine pia. Kwa miongo kadhaa wasichana waliozaa bila kuolewa walishinikizwa hospitalini kutia saini na kuwatoa watoto wao. Katika mwaka wa 1971 hadi 1972 peke yake watoto 9,798 waliasiliwa Australia. Bunge la New South Wales liliomba radhi kwa hayo mwaka 2012, na Waziri Mkuu Julia Gillard akafanya hivyo kwa niaba ya taifa tarehe 21 Machi 2013. Leo idadi imeporomoka: mwaka wa 2021 hadi 2022 walioasiliwa nchi nzima walikuwa 208. Hofu imebaki, na watoto wa wenyeji wa asili bado ni zaidi ya theluthi ya watoto wote wanaolelewa nje ya nyumba zao katika jimbo hili, ilhali jamii yao ni sehemu ndogo sana ya wakazi. Sisi tunaoishi na kusoma katika ardhi ya Wagadigal na Wadharug hatuwezi kuzungumza juu ya watoto wetu kama kwamba hatukuambiwa yaliyowapata wenyeji wetu.

Na walituambia nini? Wazee wa Kinchela na Cootamundra wameeleza kwamba kurudi nyumbani baada ya miaka mingi hakukuwa mwisho wa mateso. Wapo waliowakuta mama zao wakiwa hai wakashindwa kuzungumza nao. Mtu anaweza kurudishiwa jina kwa hati moja kutoka ofisini. Lugha haina hati ya namna hiyo.

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa lugha tuna la kusema ambalo wanasheria pengine hawalioni haraka. Chukua mfano wa mtoto wa miaka minne kutoka familia iliyopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Nyumbani alikuwa akizungumza Kiswahili tu. Anapelekwa kwa walezi wema wanaozungumza Kiingereza, wanaompenda, wanaomsomea vitabu kila usiku. Umri huo lugha huingia upesi na hutoka upesi. Baada ya miezi michache anaelewa Kiswahili lakini anajibu kwa Kiingereza. Baada ya mwaka au zaidi kidogo, hata kuelewa kunamshinda.

Wakati huohuo mama yake ana haki ya kumwona kwa saa zilizopangwa, chini ya msimamizi. Mama anazungumza Kiswahili na Kiingereza cha sokoni. Saa ile moja au mbili wanakaa katika chumba chenye vinyago vya plastiki, mama anasema neno, mtoto anamtazama msimamizi amwambie lina maana gani. Mama anaona aibu na kunyamaza. Msimamizi anaandika katika ripoti yake kwamba mazungumzo kati ya mama na mtoto yalikuwa machache. Hakudanganya. Ripoti hiyo inakwenda mahakamani, na swali la mahakama ni kama mtoto anaweza kurudi kwa mama huyu. Lugha iliyopotea imegeuka ushahidi kwamba uhusiano umepotea.

Ndiyo maana tunasema kuhifadhi lugha si pambo la utamaduni, kitu cha kanga na ngoma siku ya maonyesho ya chuo. Kiswahili ni njia ya mtoto kurudi nyumbani. Kikikatika, daraja ya kwanza ya sheria, ile ya kumrudisha kwa wazazi wake, inakuwa ngumu zaidi kufikiwa. Na hata kama hatarudi, kuna bibi Uvira, shangazi Bujumbura na mjomba aliyebaki Kakuma, wote wakimsubiri kwenye simu. Mtoto asiyeweza kusema shikamoo na kuendelea na sentensi ya pili atawaona kwenye kioo cha simu kama watu wa televisheni.

Wengine watauliza: mbona ndugu wasimchukue? Swali zuri, na sheria yenyewe inawataka ndugu kwanza. Lakini familia nyingi zilizoletwa hapa kama wakimbizi zilifika nusu. Waliokuwa wamsaidie mama huyu kulea wako Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo. Mkono mmoja haulei mwana, na hapa Sydney mara nyingi mkono uliobaki ni mmoja kweli. Nyumbani angekuwepo mama mkubwa wa kumchukua mtoto bila barua wala muhuri mpaka mambo yatulie. Kulea mtoto wa mwenzio si jambo geni kwetu. Ni watu wangapi tunaowajua waliosomeshwa Tanga au Kisumu na shangazi, wakakua na binamu zao kwenye sahani moja? Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake, na watoto wengine waligeuzwa watumishi katika nyumba hizo hizo. Hata hivyo ulikuwa na jambo moja kubwa: ulimlea mtoto bila kumkata kwao.

Moyo ule tumekuja nao. Tulichokosa ni karatasi. Hapa mama mkubwa asiye ndugu, aliyemjua mtoto kanisani au msikitini tu, hawezi kuchukuliwa hivi hivi. Anatakiwa awe ameomba idhini, amefanyiwa uchunguzi wa kufaa kufanya kazi na watoto, amepata mafunzo, na nyumba yake imetembelewa. Hayo huchukua miezi. Mtoto hawezi kusubiri miezi. Anayetaka kumpokea usiku ule lazima awe ameanza kujiandaa mwaka uliopita.

Tumeyasikia mapingamizi, na mengine yana uzito.

La kwanza ni kwamba kujiandikisha ni kuisaidia serikali kuchukua watoto wetu. Tunajibu kwamba uamuzi wa kumwondoa mtoto hautegemei kama kuna mlezi Mswahili. Ataondolewa vilevile. Kinachotegemea sisi ni sauti atakayoisikia asubuhi akiamka. Kupinga sheria mbaya ni haki yetu na tuendelee nayo, kwa barua, kwa wabunge, kwa mawakili. Mtoto wa leo asigeuzwe bango la maandamano.

La pili ni umaskini. Watu wetu wa Blacktown, Auburn na Liverpool wanaishi katika nyumba za kupanga, wanafanya kazi za zamu katika nyumba za wazee na maghala. Wanadhani ulezi ni wa wenye majumba. Sivyo. Mlezi anaweza kuwa mpangaji, anaweza kuwa peke yake bila mume au mke, na hulipwa posho ya matumizi ya mtoto. Anatakiwa awe raia au mkazi wa kudumu, awe na nafasi ya kumlaza mtoto na muda wa kuwa naye. Asiyeweza kumchukua mtoto kwa mwaka anaweza kuwa mlezi wa wikiendi, anayempokea mtoto siku mbili kila mwezi ili walezi wake wapumzike. Siku mbili za ugali, za kusukwa nywele na kusikia Kiswahili kikizungumzwa jikoni si kidogo kwa mtoto anayekisahau.

La tatu ni la dini, na wenzetu Waislamu wamelieleza vizuri katika mijadala yetu. Uislamu unasifu kumlea yatima, lakini hauruhusu nasaba ya mtoto ifutwe. Sura ya Al-Ahzab inaagiza watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao. Kuasili kwa sheria za nchi hii kunamfanya mtoto kuwa wa wazazi wapya na kukoma kuwa wa wale wa kwanza machoni pa sheria. Hapo Mwislamu husita, na ana haki ya kusita. Lakini kusita kuhusu kuasili kusigeuzwe sababu ya kukataa ulezi wote. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 unaitaja kafala kwa jina, katika ibara ya 20, kama njia mojawapo ya kumlea mtoto asiye na familia. Kenya imeiweka kafala katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. New South Wales haina neno hilo katika sheria zake, lakini tangu Oktoba 2014 ina amri ya ulezi wa kisheria, ambayo inampa mlezi mamlaka ya kumlea mtoto hadi miaka 18 huku jina lake, baba yake na mama yake wakibaki walivyo. Anayeijua kafala atajiona hayuko mbali na nyumbani.

Pingamizi la nne ndilo gumu, na hatutaki kulipita juu juu. Jamii yetu hapa ni ndogo, kila mtu anamjua mwenzake. Mama aliyeondolewa mtoto akimkuta kwenye harusi akiwa na familia nyingine ya Kiswahili, itakuwaje? Fitina zitaanza, na mtoto atakuwa katikati. Tena kuzungumza Kiswahili hakumfanyi mtu kuwa ndugu. Familia mbili kutoka Kivu Kusini zinaweza kuwa zilikimbia pande mbili za vita moja. Kumweka mtoto katika nyumba inayolichukia kabila la mama yake kwa sababu tu wote wanasema "habari gani" kungekuwa ujinga. Kwa hiyo hatusemi kila mtoto Mswahili apelekwe kwa Mswahili yeyote. Tunasema orodha iwe ndefu ya kutosha ili afisa awe na cha kuchagua, na awaulize wazazi na mtoto mwenyewe. Nyumba ikiwa moja, hakuna uchaguzi. Zikiwa ishirini, mtoto anaweza kupata inayomfaa, pengine kitongoji cha mbali na minong'ono.

Je, kuhusu kuasili kwenyewe tunasimama wapi? Miongoni mwetu wapo waliotaka makala hii ilipinge kabisa. Tumejadiliana na kukubaliana hivi. Mtoto ambaye kweli hawezi kurudi, aliyekwisha kuhamishwa nyumba hadi nyumba, anahitaji watu watakaokuwa wake hata baada ya miaka 18, watakaomsindikiza siku ya ndoa na kumpokea akifukuzwa kazi. Kwa mtoto kama huyo kuasiliwa kunaweza kuwa rehema, hasa akiwa mkubwa wa kusema mwenyewe kwamba anataka. Sheria ya hapa inadai uwazi: mtoto ajue alikotoka, na mara nyingi aendelee kuwaona wazazi wake wa kwanza kwa mpango ulioandikwa. Jina la kwanza la mtoto aliyezidi mwaka mmoja halibadilishwi bila sababu maalumu. Tangu Novemba 2020 mtu aliyeasiliwa katika jimbo hili anaweza kupata cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha wazazi wake wote, waliomzaa na waliomwasili. Ni hatua kubwa ukilinganisha na zama za siri.

Lakini kwa mtoto wetu tungependa ulezi wa kisheria utazamwe kwa makini kwanza, kama sheria yenyewe inavyopanga. Na pale amri ya kuasili inapoombwa, mpango ulioandikwa utaje lugha kwa vitendo. Katika mipango ya namna hii ni rahisi kuandika kwamba mtoto "atafahamishwa utamaduni wake", na sentensi hiyo inaweza kutimizwa kwa kwenda tamasha la Afrika mara moja kwa mwaka na kula sambusa. Iandikwe badala yake: saa ngapi kwa wiki atakuwa na mtu anayezungumza naye Kiswahili, mtu huyo ni nani, nani atalipa nauli, na bibi atapigiwa simu siku gani. Ahadi yenye siku na jina la mtu inaweza kudaiwa.

Tunataka pia kusema neno kwa heshima juu ya walezi wasio Waswahili ambao sasa hivi wanawalea watoto wanaotokana na jamii zetu. Wao walifungua mlango sisi tukiwa hatumo kwenye orodha. Wapo wanaojifunza kusuka nywele kwa video na kutafuta unga wa mahindi madukani Auburn. Hatuna haki ya kuwasema vibaya. Wanahitaji majirani, na jirani huyo anaweza kuwa chama hiki.

Basi chama kifanye nini? Wengi wetu tuko hapa kwa viza ya masomo, wala hatuwezi kuwa walezi. Lakini kuna mambo matatu tunayoyaweza, na tunayapendekeza kwa kamati na kwa wahadhiri wetu.

Moja, tuanzishe saa za Kiswahili za watoto, Jumamosi mbili kwa mwezi, kwa ajili ya watoto walio chini ya ulezi na walezi wao. Tusiende na vitabu vya sarufi. Twende na michezo, vitendawili, upishi na hadithi. Kila atakayeshiriki afanyiwe uchunguzi wa kufanya kazi na watoto, ambao kwa wanaojitolea hautozwi ada na hudumu miaka 5. Na liwe sharti lisilovunjwa kwamba hakuna picha, hakuna majina mitandaoni, hakuna kuulizana mtoto huyu wa nani. Sheria inakataza kuwatangaza watoto hawa, na adabu inakataza zaidi.

Mbili, wahadhiri watusaidie kuandika kijitabu cha Kiswahili chepesi kinachoeleza njia yote, kuanzia siku mtoto anapoondolewa hadi amri ya mwisho. Maneno ya mahakama yakimfikia mzazi kupitia mkalimani wa simu, katikati ya machozi, hayabaki. Tumekwisha kuona hapo juu jinsi "kambo", "kupanga" na "kuasili" zinavyoweza kumpoteza mtu. Kazi ya istilahi ndiyo kazi tuliyosomea. Hapa kuna istilahi ambazo mama fulani wa Mount Druitt anazihitaji kuliko sisi tunavyozihitaji kwa mtihani.

Tatu, twende makanisani, misikitini na kwenye mikutano ya jumuiya, tuwaombe wenye ukazi wa kudumu wajiandikishe. Yapo mashirika yanayowapokea. Settlement Services International lina huduma ya ulezi kwa familia za asili mbalimbali, na Barnardos Australia limefanya kazi ya ulezi na ya kuasili kwa uwazi kwa miaka mingi. Wanachama wetu wanaweza kwenda na mama au mzee kwenye mkutano wa kwanza, wakamsaidia kujaza fomu na kuuliza maswali anayoyaogopa.

Hatutarajii Waswahili mia wajitokeze mwaka huu. Tukipata familia tano zilizopewa idhini kabla ya muhula wa mwisho kwisha, kifungu cha 9 kitakuwa na nyumba tano za kukitimiza ambazo leo hakina. Usiku ambao simu italia, afisa atakuwa na pa kupiga. Na mtoto atakayepelekwa huko, akilia akimtaka mama yake, atabembelezwa kwa lugha ile ile ya mama huyo.

Wanachama wanaotaka kuanza na saa za Jumamosi wajiorodheshe kwa katibu. Wahadhiri walio tayari kwa kijitabu watuambie siku. Mkutano wa chama ujao tungependa jambo hili liwe la kwanza kwenye ajenda.